Harage la Thelathini na Mbili

Sentensi yenyewe ilikuwa na maneno sita, na Mwalimu Tusekile Mwambene aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, siku ambayo kamati nzima ilikuwa na njaa. "Usomaji utafundishwa ndani ya masomo yote." Mwaka ulikuwa 2069. Saa nane mchana ilikuwa imeshapita, wali ulikuwa umepoa, na wajumbe kumi na mmoja walikuwa wamechoka kubishana juu ya somo moja la wiki kumi na tano. Mtu mmoja akasema, andika hivyo, mama, tukale. Akaandika. Wakaenda kula.

Miaka ishirini na miwili baadaye alikuwa ameiinamia tena sentensi hiyo, katika chumba cha kumbukumbu cha Chuo cha Uhandisi wa Programu cha Igembe, huko kwenye vilima vya Rungwe, mvua ikigonga bati tangu asubuhi. Sasa alikuwa na umri wa miaka sitini na saba, mstaafu, na chuo kilikuwa kimemwita aandike historia ya mitaala yake kwa ajili ya jubilei ya miaka sitini. Aliipokea kazi hiyo kwa furaha. Aliwatania hata wadogo zake: kazi ya uzeeni inapaswa kuwa salama, na ni nani aliyewahi kufa kwa sababu ya mtaala?

Huo ulikuwa mwezi wa pili. Mwezi wa nne, malango yote ya Bwawa la Kalengo yalifunguka kwa wakati mmoja, saa moja asubuhi, na mto Kasyeto ukachukua watu saba. Tangu siku hiyo hakurudia utani ule.

Na sasa palikuwa na barua mezani. Tume ya uchunguzi ilitaka historia hiyo ifike kabla ya Ijumaa jioni, hata kama haijakamilika. Sheria ilikuwa wazi: programu yoyote iliyoandikwa na mashine haiwezi kuwekwa kulinda uhai wa watu mpaka msomaji aliyeidhinishwa aisome na kuiwekea sahihi. Aliyeweka sahihi kwenye programu ya malango ya Kalengo alikuwa kijana mmoja, Lugano Mwakibete, mhitimu wa Igembe wa mwaka 2087. Cheti chake, kama vyeti vyote vya Igembe, kilisema katika mstari wa nne kwamba mwenye nacho anaweza kusoma programu. Tume ilikuwa na swali moja tu. Je, alifundishwa? Kama alifundishwa, basi alizembea, na kifungo chake ni miaka kumi.

Tusekile alizipanga mezani juzuu nne za mitaala, akaanza tena kuzipitia. Alikuwa akizijua kama anavyojua njia ya kwenda kisimani.

Mtaala wa Kwanza ulinakiliwa kutoka nje karibu wote, na mifano yake pia, kiasi kwamba watoto wa Rungwe walikaa wakihesabu treni za chini ya ardhi na theluji ya Desemba. Ulifundisha kuandika programu mstari kwa mstari, na kwa haki yake ulifundisha vizuri. Mtaala wa Pili ulizaliwa na maporomoko ya ardhi. Mwaka 2044 mlima ulishuka ukang'oa nguzo za umeme, chuo kikakaa miezi minne bila mashine hata moja inayowaka. Mwalimu Anyosisye Kasyupa, mtu asiyeweza kukaa bure, akawaambia wanafunzi waje darasani na nyungo na maharage. Mwanafunzi mmoja alisoma programu kwa sauti kutoka kwenye karatasi. Mwenzake alichora visanduku kwa chaki juu ya ungo, akatenda kile alichosikia na si kingine. Akisikia ongeza moja, anaweka harage moja. Akisikia linganisha, anahesabu yaliyomo na kujibu. Kukisia kulikuwa marufuku, na kazi hiyo haikufanywa na mtu mmoja kamwe, kwa sababu ukijisomea mwenyewe, mkono unatenda unachotaka wewe badala ya kilichoandikwa.

Tusekile alikuwa katika darasa lile la kwanza, binti wa miaka ishirini, vidole vikinuka vumbi la maharage muhula mzima. Umeme uliporudi, nyungo hazikuondoka. Zikawa somo rasmi, na somo likaitwa Usomaji.

Mtaala wa Tatu ulikuja na Mtunzi. Hiyo ilikuwa mashine iliyopokea maagizo kwa maneno ya kawaida, ikaandika kwa dakika chache programu ambayo chuo kizima kingeitolea jasho mwaka mzima. Masomo ya kuandika yakaondolewa moja baada ya jingine. Yakaingia ya kuagiza, ya kubuni na ya kupima. Usomaji ukabaki, kwa sababu wazee walisema kwamba mtu akiacha kupika, basi angalau aonje. Kisha Mtunzi akajifunza kueleza programu zake mwenyewe, kwa Kiswahili laini kuliko cha walimu, bila kuchoka na bila kukasirika. Vyuo vingine vikaanza kuwacheka wanafunzi wa Igembe, vikiwaita watu wa maharage. Wanafunzi wakaona aibu. Kamati ikaketi kuandika Mtaala wa Nne, wali ukapoa, ikaandikwa ile sentensi ya maneno sita.

Kilichofundishwa ndani ya masomo yote hakikufundishwa na mtu yeyote. Mwalimu wa kubuni alidhani kipo kwa mwalimu wa kupima, wa kupima akadhani kipo kwa wa kuagiza, na nyungo zikapelekwa jikoni. Mstari wa nne wa cheti ulibaki palepale, maana bila huo chuo kingepoteza ithibati.

Hayo yote Tusekile angeweza kuyaandika bila kutetemeka. Kamati ni kamati, lawama yake hugawanyika. Lakini ndani ya jalada la 2083 palikuwa na karatasi nane alizokuwa anajua kwamba zipo kabla hajalifungua. Mwalimu mmoja kijana, Ipyana, aliwapa wanafunzi sitini wa mwaka wa mwisho mistari ishirini ya programu, akawauliza itafanya nini. Hakuna aliyejua. Akaandika ripoti kwa Mkuu wa Taaluma, na Mkuu wa Taaluma wakati huo alikuwa Tusekile. Wiki hiyo wakaguzi wa ithibati walikuwa njiani. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza aliandika kwa penseli: "Baada ya ukaguzi." Wakaguzi walikuja, walisifu, waliondoka. Ipyana alipata kazi kwingine, na hakuna aliyeuliza tena.

Ripoti ilikuwa ya mwezi wa tatu. Lugano Mwakibete aliandikishwa chuoni mwezi wa kumi mwaka huohuo. Tusekile alizihesabu zile karatasi nane mara mbili, akaziweka kwenye mkoba wake, na alipotoka nje ya chumba hakuweza kukumbuka alipoweka mwavuli.

*

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unakula?"

"Tunakula."

Hakuwa anakula. Mahabusu ya Tukuyu ilikuwa na chumba cha wageni chenye meza moja iliyofungiwa sakafuni, na Lugano aliketi ng'ambo yake, mabega yamechongoka, miaka ishirini na minane ikionekana arobaini. Alijaribu kutabasamu kwa adabu, kama alivyokuwa akifanya darasani akiitwa ubaoni.

"Nieleze ulivyosoma programu ile," Tusekile akasema. "Yote. Usiruke."

"Nilisoma, Mwalimu. Siku tatu nzima. Mtunzi alinieleza sehemu moja moja. Nikamuuliza maswali arobaini na moja, wakili anayo yote. Nikamuuliza mvua ikizidi itakuwaje, akasema malango yatafunguka taratibu, moja baada ya jingine. Nikauliza tena kwa namna nyingine, akajibu vilevile. Ndipo nikaweka sahihi."

"Hayo ni maelezo. Na programu yenyewe?"

Kijana akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama chakula amekila na sahani yake.

"Programu yenyewe ni alama tu, Mwalimu. Nani anazisoma?"

Mlinzi aliyesimama mlangoni akakohoa, akatazama saa.

"Nyumbani kwetu ni chini ya bwawa," Lugano akaendelea. "Mama analala pale. Mdogo wangu Tupokigwe alikuwa anavuka mto pale kila siku kwenda shule. Mimi ningewezaje kuweka sahihi bila kusoma? Na maji yamemchukua yeye. Mdogo wangu mwenyewe."

"Mama amekuja kukuona?"

"Hajaja." Akaanza kuchokora ukingo wa meza kwa ukucha. "Alimwambia shangazi kwamba ni uvivu wangu. Kwamba tangu utotoni nilikuwa naruka mistari nikitumwa kusomea wazee barua. Na kweli nilikuwa naruka. Miaka kumi nitaikaa, Mwalimu. Lakini mama akiamini Tupokigwe alikufa kwa sababu mimi nilikuwa mvivu, hiyo siiwezi."

Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yatiririke.

"Hiyo historia unayoandika," akasema baadaye, "si itasema tulifundishwa vizuri? Nilimwambia wakili, Mwalimu Mwambene mwenyewe anaandika, ataeleza kwamba nilifuata kila hatua tuliyofundishwa. Hilo litanisaidia, sivyo?"

Aliuliza kwa matumaini, na matumaini yale ndiyo yaliyomuumiza Tusekile kuliko machozi. Kijana alikuwa anaomba kitanzi akidhani ni kamba ya kumwokoa. Tusekile akamshika mkono juu ya meza mpaka mlinzi aliposema muda umekwisha.

*

Mkuu wa chuo, Gwakisa Mwaisumo, alizisoma karatasi nane akiwa amesimama. Alikuwa mwanafunzi wa Tusekile zamani, wa darasa la kwanza lililoingia baada ya nyungo kuondoka, na mpaka leo hakuweza kumkalisha Tusekile kwenye kiti cha wageni bila kuomba radhi. Alipomaliza alizirudisha mezani kwa uangalifu, kingo zikilingana.

"Kuna nakala nyingine?"

"Hakuna."

"Mama, nikuulize kitu, na usinichukie." Akaketi. "Tuna wasomaji elfu nne na kumi na wawili. Karatasi hizi zikifika kwa Tume, kesho yake kila walichowekea sahihi kitasimamishwa. Mashine za hewa hospitalini. Ishara za reli. Mabwawa kumi na manne, na masika hii haijaisha. Watu wa kuyaendesha kwa mkono wako wapi? Watakufa wangapi? Saba?"

"Na nisipozipeleka?"

"Atafungwa mmoja." Hakulisema kwa ukatili. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye hajalala wiki nzima. "Najua. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba ni yeye. Lakini tutarudisha Usomaji muhula ujao, wewe mwenyewe utatufundishia walimu. Wahitimu tutawaita kidogo kidogo, tuseme ni semina. Kimya kimya. Katika miaka mitano tutakuwa tumeponya yote bila kumwua mtu."

Lilikuwa pendekezo zuri. Tusekile alilipima moyoni na kuona lilivyo zuri, na ndipo akaogopa, kwa kuwa alikuwa analifahamu. Miaka minane iliyopita alijipa mwenyewe pendekezo hilohilo, akaliandika kwa penseli.

"Gwakisa, wewe unaweza kusoma?"

"Nilipata alama ya juu, Mwalimu. Unajua."

"Sikuuliza alama."

Mkuu wa chuo akazisukuma karatasi zile kurudi upande wa Tusekile.

"Sitazichukua," akasema. "Ijumaa ni kesho kutwa. Utaamua wewe. Mimi sina nguvu ya kukuzuia, na Mungu anisamehe, natamani ningekuwa nayo."

Tusekile alipotoka ofisini alipitia jikoni, akamwomba mpishi ungo mmoja. Mpishi akacheka, akamuuliza kama siku hizi historia inapepetwa. Ungo aliopewa ulikuwa mweusi kwa uzee, na pembeni mwake bado palionekana mwaka 2046 uliochomwa kwa chuma cha moto.

*

Alikwenda kwa mama yake Lugano siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, kabla hajaamua. Alijiambia anakwenda kutoa pole. Mkobani alikuwa na zile karatasi nane, na kurasa tatu za programu ya malango ambazo Tume ilikuwa imezitoa hadharani, zile za kuhesabu mvua. Alikuwa amezisoma peke yake siku sita. Kuna mahali moyo wake ulikuwa unasita kila mara, lakini kwa kuwa alikuwa peke yake, hakuuamini mkono wake. Wataalamu wa Tume walikuwa wamemuuliza Mtunzi kosa liko wapi, naye akawajibu kwa upole kwamba malango yalifanya kazi kama yalivyokusudiwa.

Ukuta wa nyumba ya mama huyo, Subilaga, ulikuwa na mstari wa tope uliopita usawa wa dirisha. Kando ya jiko la kuni palikuwa na madaftari ya shule yaliyopangwa kwenye mawe ili yakauke. Katika nchi ile ya mvua hayakuwa yamekauka bado, wiki ya sita sasa, na mwenye nyumba alikuwa akiyageuza moja moja mgeni alipofika.

"Ndaga, Mwalimu. Karibu ndani, kuna matone."

"Ndaga, mama. Nimekuja kukupa pole, na nimekuja kwa ajili ya Lugano."

Subilaga akageuza daftari jingine. "Huyo msomi wenu."

"Hakuwa mvivu. Alikaa siku tatu na programu ile. Alisoma kwa jinsi alivyojua kusoma, ila hakusoma."

"Alisoma, ila hakusoma." Subilaga akanyanyuka, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mrefu, na huzuni ilikuwa imemfanya awe mkavu. "Hayo ni maneno ya chuo, Mwalimu. Mimi nimemzika binti wa miaka kumi na saba. Niambie kwa maneno ninayoyajua."

Tusekile akauinua ungo aliokuja nao.

"Una maharage?"

Waliketi kwenye mkeka, ungo katikati yao. Subilaga alikubali kwa kuwa alikuwa amechoka kukataa watu. Tusekile akachora kisanduku kwa chaki, akasoma kutoka juu ya ukurasa wa kwanza, palipoandikwa ukubwa wa vyombo.

"Hiki ni kisanduku cha mvua. Kinabeba mpaka thelathini na moja, basi. Yakifika hapo na mimi nikasema ongeza, unakimwaga chote, kinabaki kitupu. Usifanye ninachotaka wala unachotaka. Fanya ninachosema."

"Kama kumtuma mtoto mjinga."

"Hivyohivyo. Saa moja imepita. Je, mvua imenyesha?"

"Siku ile? Imenyesha."

"Ongeza moja."

Harage la kwanza likaingia. Tusekile alisoma na Subilaga akatenda, mwanzoni kwa shingo upande, kisha kwa makini, maana mikono yake ilikuwa imechambua maharage maisha yote na haikujua kuyashika ovyo. Yalipofika manane programu ilisema fungua lango la kwanza, na Subilaga akaweka kijiti nje ya kisanduku. Kumi na sita, lango la pili. Ishirini na nne, la tatu. "Inafanya vizuri," akasema, kama anayeshangaa. Thelathini. Thelathini na moja.

"Saa moja imepita. Je, mvua imenyesha?"

"Imenyesha. Ilinyesha siku mbili, bila kukatika. Kila mtu anajua."

"Ongeza moja."

Subilaga alichukua harage la thelathini na mbili, akalishikilia hewani. "Kimejaa," akasema. "Nimwage?"

"Programu imesema."

Akamwaga. Maharage yakatawanyika kwenye mkeka, na kisanduku cha chaki kikabaki kitupu.

"Linganisha na nane. Yamefika?"

"Yatafikaje? Hakuna kitu."

"Yakiwa chini ya nane, funga malango yote."

Mkono wa Subilaga ulikwenda mpaka kwenye vijiti vitatu ukasimama. Alivitazama, akatazama mlango uliokuwa wazi, na mto uliokuwa ukionekana kwa mbali, umetulia.

"Lakini mvua inanyesha, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Bado inanyesha. Kwa nini inafunga?"

"Kwa sababu imesahau. Inadhani imeanza kunyesha sasa hivi." Tusekile akaweka karatasi chini. "Ilijaribiwa kwa kumbukumbu za mvua za nchi kame, ambako mvua haifiki hata siku moja. Huku ilinyesha saa arobaini. Kwa muda wa saa nane malango yalikaa yamefungwa na maji yanapanda. Halafu chombo kingine, cha kupima kina, kikaona maji yamefika ukingoni, kikafungua yote kwa pamoja."

"Saa moja asubuhi."

"Saa moja asubuhi."

Kuku aliingia, akadonoa harage moja, akaliacha.

"Tumekaa hapa kwa muda gani?" Subilaga akauliza.

"Nusu saa. Pengine kidogo zaidi."

"Mimi niliishia darasa la sita." Alilisema polepole, akipima kila neno. "Mwanangu alikaa kwenu miaka minne. Na hiki hamkumfundisha."

"Hatukumfundisha."

"Mlijua kwamba hamumfundishi?"

Swali hilo ndilo alilokuwa amelikwepa kwa penseli yake. Tusekile angeweza kusema kamati, angeweza kusema Mtunzi, na isingekuwa uongo mtupu. Alitoa karatasi nane, akaziweka juu ya ungo.

"Nilijua mimi. Miezi saba kabla hajaja kwetu. Mwalimu mmoja aliniandikia, na mimi nikaweka kabatini."

Subilaga hakuzisoma. Aliweka kidole pembeni, kwenye yale maandishi yaliyofifia. "Hapa pameandikwa nini?"

"Baada ya ukaguzi."

Alilia basi, Mwalimu Tusekile, mbele ya mwanamke aliyekuwa na haki ya kulia kuliko yeye, na aliona aibu kwa hilo lakini hakuweza kuacha. Subilaga hakumfariji. Aliokota maharage moja moja kutoka mkekani, akiyarudisha kwenye kopo.

"Unazipeleka wapi?"

"Kwa Tume. Leo." Aliposikia sauti yake ikisema hivyo, alijua ameamua. "Lakini sikufichi. Zikifika, watasimamisha mashine nyingi. Mabwawa, na za hospitali pia. Watu wanaweza kufa kwa sababu nimesema, kama walivyokufa kwa sababu nilinyamaza."

"Malango ya bwawa mtu hawezi kuyashika kwa mikono?"

"Anaweza, akiwepo."

"Basi tutakuwepo. Tutakaa kwa zamu. Sisi ndio tunaolala chini yake." Akafikiri. "Za hospitali sijui."

"Hata mimi sijui," Tusekile akasema, na huo ndio uliokuwa ukweli wote aliokuwa nao.

Subilaga akafunga kopo. "Siwezi kukusamehe leo, Mwalimu. Nisikudanganye."

"Sikuja kuomba."

Subilaga aliingia chumbani. Tusekile alisikia sanduku likifunguliwa na kufungwa, na alipotoka alikuwa amejifunga kitenge cha kutokea, viatu mkononi, ndizi za kuchemsha zimefungwa kwenye jani.

"Mahabusu wanaruhusu wageni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Twende wote mpaka njia panda. Ungo niachie mimi, na zile kurasa za programu."

Walipanda mlima bila kuzungumza. Pale njia panda, barabara moja ikielekea mahabusu na nyingine kwenye ofisi za Tume, Tusekile aliketi kwenye jiwe la mpaka, akatoa daftari la historia. Alitafuta ukurasa wa mwaka 2069, akaipigia mstari chini ile sentensi ya zamani, si kuifuta bali ili isomeke. Chini yake akaandika nyingine, nayo kwa bahati ikawa na maneno sita: Usomaji haukufundishwa popote, na mimi nilijua. Akaweka sahihi.

Subilaga alikuwa amesimama akimngoja amalize, ungo kichwani, kopo la maharage kwapani.

"Lugano atasoma, mimi nitaweka maharage," akasema. "Au mimi nisome kwanza?"

"Yeye asome, wewe uweke. Kisha mbadilishane, aweke yeye." Ualimu wa miaka arobaini ukamtoka bila kufikiri. "Usimwambie mapema yanakofikia. Mwache aone mwenyewe."

Subilaga akaitikia kwa kichwa.

"Nitamwacha aone," akasema. "Lakini yakifika thelathini na moja, nitamshika mkono."